Uzi: Kwa nini uso unaiva ukitazamwa na watu? Tuuelewe wekundu wa haya ndani ya mwili

Mfumbuzi (mleta uzi)

Wadau, habari zenu. Uzi huu nauandika kwa ajili ya wale ambao nyuso zao husema kabla mdomo haujafunguka. Unatajwa jina mkutanoni, unasifiwa mbele za watu, au mtu anagusia jambo ulilokuwa umelificha moyoni, na papo hapo mashavu yanawaka, masikio yanapata moto, shingo nayo inafuata. Wengi wanaona ni udhaifu wa tabia, na wapo wanaojichukia kwa ajili yake miaka nenda rudi. Mimi nasema ni kazi ya neva na mishipa ya damu, na ukishaijua vizuri utaacha kupigana nayo.

Chanzo ni ubongo. Ukigundua kwamba macho ya watu yamekuelekea, au ukikumbuka tu kwamba kuna kitu wamekijua juu yako, ishara hufika kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo inayosimamia joto la mwili, njaa, mapigo ya moyo na mengine tusiyoyaamuru. Hapo unaamka mfumo wa neva wa simpathetiki, uleule unaokupa mbio za moyo ukishtuka. Nyuzi zake zinazoelekea usoni hupita njia ndefu: zinashuka kwenye uti wa mgongo, zinatokeza sehemu ya juu ya kifua, halafu zinapanda tena shingoni mpaka usoni. Ishikeni kichwani njia hiyo, tutaihitaji mbele.

Sasa uso wenyewe. Ngozi ya mashavuni ina mishipa midogo mingi kuliko ngozi ya sehemu nyingi za mwili. Mishipa hiyo ni mipana, na imekaa karibu sana na uso wa ngozi. Pamoja na hayo, vena za usoni, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vipokezi (vituo vya kupokelea ishara) vinavyoitwa vya beta. Mwaka 1982 watafiti wa Sweden walichunguza vipande vya vena ya uso wa binadamu na kuona kwamba vipokezi hivyo vikisisimuliwa, vena hulegea na kupanuka. Vena ikipanuka, damu inakaa nyingi zaidi kwenye tabaka za juu za ngozi, na hapo ndipo rangi inapojitokeza.

Rangi hutangulia, joto huja nyuma yake. Ndiyo maana unaweza kuendelea kuhisi mashavu yanachoma wakati aliyekaa mbele yako haoni tena chochote. Jambo hili dogo lina uzito kwa watu wenye hofu ya kuiva uso, kwa sababu wao huutumia moto wanaouhisi kupimia kile wanachokiona wenzao, na kipimo hicho hakisemi kweli.

Nimalizie na hili ndipo niwaachie uwanja. Huwezi kuiva uso kwa kukusudia. Tabasamu unaweza kulilazimisha, machozi wapo wanaoyaleta wakitaka, lakini wekundu wa haya hauji kwa amri. Hauondoki kwa amri pia. Ukijiambia "usiive, usiive," unazidi kuwaka. Karibuni kwa maswali.

Jongoo

Asante kwa uzi, mkuu. Swali langu: mtu akiogopa sana husawajika, damu inamkimbia usoni. Lakini umesema mfumo ni uleule wa mshtuko. Inakuwaje mfumo mmoja umpaushe huyu na umwivishe yule?

Mfumbuzi

Jongoo, hapo umegusa penyewe. Adrenalini na noradrenalini, kemikali ambazo mfumo huo huzimwaga, hazina kazi moja kila zinapofika. Kinachoamua ni kipokezi kilichopo kwenye mshipa. Vipokezi vya alfa huubana mshipa, vya beta huulegeza. Mishipa ya ngozi ya mikono na miguu ina alfa kwa wingi, ndiyo maana mtu mwenye hofu vidole humpoa. Mishipa ya ndani ya misuli ina beta, kwa hiyo misuli hupata damu ya kukimbilia au kupigania.

Uso umechanganyika. Una njia ya kubana na njia ya kupanua, na zote mbili zinapitia mfumo wa simpathetiki. Kwenye hofu kali, mtu anapoona maisha yake yamo hatarini, kubana hutawala na uso hupauka. Kwenye haya, kupanua hutawala. Zaidi ya vipokezi vya beta kuna nyuzi maalumu za neva zinazopanua mishipa ya uso, zilezile zinazotumika mwili unapotaka kupoteza joto. Mtafiti Peter Drummond wa Australia, aliyelifanyia kazi suala hili kwa miaka mingi, alizuia vipokezi vya beta kwenye sehemu ndogo ya ngozi ya uso kisha akawatia watu haya. Wekundu ulipungua pale alipozuia, lakini haukuisha. Maana yake beta ni sehemu ya habari, na hizo nyuzi nyingine zinabeba iliyobaki.

Wapo pia watu wanaopauka kwanza kisha wanaiva, mshtuko ukitangulia na haya zikafuata. Huo si ugonjwa.

Tausi

Mleta uzi, ngozi yangu ni nyeusi tititi. Hakuna aliyewahi kuniambia nimeiva uso. Lakini moto ninausikia, tena mkali, mpaka machoni. Je, ni kitu kilekile au mimi nina kingine?

Mfumbuzi

Ni kilekile, dada Tausi. Damu inaongezeka mashavuni mwako kama inavyoongezeka kwa mwenye ngozi nyeupe. Tofauti ni melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ambayo imekaa juu ya mishipa hiyo na kuficha rangi ya damu. Badala ya wekundu, mtu anayekufahamu vizuri anaweza kuona weusi umekolea kidogo au uso umeng'aa, na mara nyingi haonekani mabadiliko yoyote.

Swali lako lina historia. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alitenga sura nzima kwa ajili ya wekundu wa haya. Aliwaandikia watu waliokuwa sehemu mbalimbali za dunia akiwauliza kama watu wa kila rangi huiva uso, na akafikia uamuzi kwamba ndiyo. Alitumia pia ushahidi wa daktari Thomas Burgess, aliyeandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1839. Burgess alimfahamu mwanamke mweusi aliyekuwa na kovu usoni. Kovu halikuwa na rangi ya ngozi, kwa hiyo lilikuwa dirisha: kila alipozungumziwa ghafla au kusingiziwa kosa dogo, lile kovu liligeuka jekundu. Sehemu nyingine ya uso haikuonyesha kitu.

Siku hizi hatuhitaji kovu. Vyombo vya leza hupima mwendo wa damu ndani ya ngozi bila kumgusa mtu kwa sindano, na melanini haivizuii.

Msomi Mtaratibu

Mchango wangu kidogo kuhusu Burgess. Yeye aliamini kwamba Muumba aliuweka wekundu huu kwa makusudi, ili nafsi iweze kuonyesha mashavuni makosa yake na watu wengine waonywe nayo. Darwin alimpinga: akauliza ingekuwaje basi kwa watu wenye ngozi nyeusi ambao wekundu wao hauonekani. Kwa maoni yangu hoja hiyo bado inawabana hata wanasayansi wa leo wanaosema uso huiva ili watu waone. Kama kazi yake ni kuonekana, mbona kwa sehemu kubwa ya wanadamu hauonekani?

Mfumbuzi

Msomi, hoja nzito, na sitaipita pembeni. Upande mmoja kuna wanaosema wekundu wa haya ni ishara iliyochongwa na maumbile kwa ajili ya macho ya wenzetu. Mwaka 2006 mtafiti Mark Changizi na wenzake walitoa hoja kwamba macho ya nyani wenye nyuso zisizo na manyoya, pamoja na sisi, yana aina tatu za seli za rangi, na kwamba aina hizo hupokea mawimbi ya mwanga yanayofaa kabisa kutambua mabadiliko ya damu na oksijeni kwenye ngozi ya mwenzako. Hoja inavutia. Lakini wengine wanaona uwezo huo ulitokana na kutafuta matunda mabivu na majani machanga, na ngozi ikafaidika baadaye.

Upande wa pili, Darwin mwenyewe hakuona kwamba uso huiva kwa faida yoyote. Aliona ni matokeo ya fikra kuelekezwa kwenye sura. Tukifikiri sana juu ya namna wengine wanavyotuona, na kwa kuwa uso ndio wanaoutazama zaidi, mishipa ya hapo hulegea.

Mimi nasimama hapa: chanzo chake kinaweza kuwa chochote, lakini pale wekundu unapoonekana, unafanya kazi kubwa kati ya watu. Na hata usipoonekana, ule moto unamfanyia kazi mwenyewe, unamwambia, "wanakuangalia, angalia mwendo wako."

Kalamu Nyeusi

Nina jambo zito kidogo. Mdogo wangu wa kike alipokuwa shuleni, fedha za mwanafunzi mwenzake zilipotea. Mwalimu akasimamisha darasa zima na kuanza kuwatazama usoni mmoja mmoja. Alipofika kwa mdogo wangu uso ukamwiva, na mwalimu akatangaza kwamba mwizi amepatikana. Baadaye fedha zilionekana kwenye daftari la mwenyewe. Mdogo wangu mpaka leo akitazamwa kwa ukali anatetemeka. Naomba uliweke wazi hili: je, anayeiva uso ana hatia?

Mfumbuzi

Pole kwake, Kalamu, na pole kwako. Naliweka wazi kabisa: wekundu wa uso si ushahidi wa kosa. Yeyote mwenye madaraka juu ya wengine, mwalimu, mzazi, bosi, askari, anapaswa kulijua hili kabla ya kunyoosha kidole.

Darwin alilieleza vizuri kuliko wengi waliokuja baada yake. Alisema kinachotia uso wekundu ni kufikiri kwamba wengine wanatuona tuna hatia. Mtu aliyetenda kosa akiwa peke yake anaweza kusutwa na dhamiri usiku kucha na uso usimwive, kwa sababu hakuna anayejua. Lakini mtu asiye na kosa hata chembe, akigundua kwamba anashukiwa, anaweza kuiva mara moja. Mdogo wako alifanya hivyo. Alimwona mwalimu amesimama mbele yake, akaelewa kwamba zamu ya kushukiwa imefika kwake, mishipa ikalegea. Tena inawezekana kabisa kwamba aliyechukua kitu akabaki na uso mkavu, maana kuna watu ambao macho ya wengine hayawagusi sana.

Na tazameni jaribio la Drummond mwaka 2004, alilolifanya na mwenzake. Watu walitazamwa kwa karibu kutoka upande mmoja wa uso. Damu iliongezeka zaidi upande uleule uliotazamwa. Hakukuwa na mashtaka, palikuwa na macho tu, na uso ukajibu upande yalipoelekea. Mwalimu anayemkazia mtoto macho na kusubiri wekundu anautengeneza yeye mwenyewe.

MamaPendo

Subhanallah, hapo umenigusa. Na je, kusifiwa? Mwanangu wa kwanza akisifiwa tu, uso wote unabadilika, wakati kusifiwa si jambo baya.

Mfumbuzi

MamaPendo, sifa nazo ni macho. Mtu akisifiwa, wote wanageuka kumtazama, na yeye hajui aweke wapi uso wake. Mwanasaikolojia Mark Leary na wenzake, katika andiko la mwaka 1992, waliweka mambo haya chini ya mwavuli mmoja: kutazamwa na watu pasipo mtu kutaka. Kosa lililofichuka, sifa, wimbo unaoimbwa kwa ajili yako huku umesimama katikati hujui ufanye nini, au mtu kukutazama tu kwa muda mrefu. Vyote vinaingia humo. Hata kuambiwa "umeiva uso" wakati haujaiva kunatosha kuuivisha.

Watoto wachanga hawana hili. Wanaweza kuwa wekundu kwa kilio au joto, lakini wekundu wa haya huja baadaye, mtoto akishaelewa kwamba yeye ni mtu anayeonekana na kwamba wengine wana maoni juu yake. Darwin aliandika pia kuhusu watoto waliozaliwa vipofu. Baadhi yao waliiva uso sana, ila mwanzoni hawakujua kwamba wanatazamwa. Walipaswa kufundishwa hivyo. Na Laura Bridgman, Mmarekani aliyepoteza kuona na kusikia akiwa mtoto mdogo, aliiva uso ingawa hakuwahi kujifunza hilo kwa kuona sura ya mwingine. Hili nimelitafakari mno. Huigi wekundu kutoka kwa mtu. Unazaliwa na njia yake, na kinachosubiriwa ni kujua kwamba wengine wapo.

Msomi Mtaratibu

Kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2024 unaoweza kuitikisa kidogo hoja ya Darwin. Wasichana wenye umri kati ya miaka 16 na 20 waliimba nyimbo wakirekodiwa, kisha wakaonyeshwa video zao wenyewe na za wengine wakiwa ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, huku joto la shavu likipimwa. Walipojiona wao wenyewe, shavu lilipata joto zaidi. Ndani ya ubongo, kilichoambatana na joto hilo ni serebelamu, yaani ubongo mdogo wa kisogoni, na sehemu zinazoshughulikia kuona. Sehemu zinazojulikana kwa kufikiri "mwenzangu ananifikiriaje" hazikujitokeza.

Mfumbuzi

Nashukuru kwa kuuleta, Msomi. Kazi hiyo iliongozwa na Milica Nikolić wa Amsterdam. Ninavyoielewa, inaonyesha kwamba huenda uso ukaiva bila mtu kupitia hesabu ndefu ya "huyu anaona nini kwangu." Kujiona tu umewekwa hadharani kunaamsha mwili, fikra zinakuja baadaye. Lakini ni kundi moja la wasichana wa umri mmoja, wakitazama video wamelala ndani ya mashine, mbali na watu. Singeitumia kumfukuza Darwin moja kwa moja. Ninachokichukua ni kwamba jambo lenyewe ni la haraka mno, na kumwambia mtu "acha kufikiri hivyo na hutaiva" ni kumwonea.

Kimya Kingi

Nimesoma tangu juu bila kuchangia. Mimi ndiye yule uliyemtaja mwanzoni, anayejichukia. Nimekataa nafasi ya kupandishwa cheo kwa sababu ilikuwa na kazi ya kuzungumza mbele ya watu. Navaa nguo za shingo ndefu hata kwenye joto. Nikiingia chumbani natafuta pa kukaa ambapo taa hainimuliki. Nimefikiria hata upasuaji niliousoma. Naomba ushauri wa kweli, si wa kunitia moyo tu.

Mfumbuzi

Kimya Kingi, umefanya jambo kubwa kuandika hapa. Nitakujibu kwa urefu, wadau wengine mnivumilie.

Unachokieleza ni hofu ya kuiva uso, na madaktari wanaifahamu vizuri, mara nyingi kama sehemu ya wasiwasi wa kijamii. Ina tiba. Katika vipimo vilivyofanywa kwenye maabara, watu wenye hofu hii wametazamwa rangi na joto la mashavu wakiwa katika hali ya kutia haya, na imewahi kuonekana kwamba hawakuiva kuliko wenzao wasio na hofu. Walichozidi ni kuuhisi wekundu wao na kuuogopa. Kuna tafiti nyingine zinazoonyesha kwamba baadhi yao huchelewa kurudi hali ya kawaida, kwa hiyo sikwambii unajidanganya. Nakwambia uso unaouona wewe kichwani mwako ni mwekundu kuliko unaoonekana kwa watu.

Hofu inajilisha hivi. Unaingia chumbani, unaanza kuupeleleza uso wako: umeanza? unachoma? wameona? Kwa kuwa macho ndiyo yanayouivisha uso, na wewe sasa umeongeza macho yako juu ya yale ya watu, unaiva. Ukiiva unapata ushahidi kwamba ulikuwa sahihi kuogopa. Kesho unaingia na hofu kubwa zaidi. Shingo ndefu na kiti cha gizani vinakupa nafuu ya leo, lakini vinakunyima nafasi ya kugundua kwamba ungeiva na dunia ingeendelea na shughuli zake.

Tiba inayofaa ya kuanzia ni ya kisaikolojia, ile ya kushughulikia fikra na matendo. Ndani yake yapo mazoezi yaliyotungwa na Susan Bögels na wenzake nchini Uholanzi miaka ya 1990, mahsusi kwa watu wenye hofu hii. Mtu anajifunza kuhamisha umakini kutoka usoni mwake kwenda kwenye kazi iliyo mbele yake: anachosema mwenzake, rangi ya kuta, hoja inayofuata. Huanza katika mambo mepesi kama kusikiliza simulizi na kuirudia, halafu taratibu anapanda hadi kwenye yale anayoyaogopa, akiacha kinga zake moja baada ya nyingine. Lengo ni kuweza kuiva uso na kuendelea kuzungumza. Wekundu wenyewe ukipungua, ni faida ya ziada.

Dawa zipo. Zile zinazotumika kwa wasiwasi wa muda mrefu humsaidia mtu ambaye hofu imemfunga maisha. Vizuizi vya beta, kama propranololi, hutuliza mapigo ya moyo na mitetemo, na wengine huvimeza kabla ya kuhutubia. Usivitumie bila daktari, hasa kama una pumu, kwa sababu vinaweza kubana njia za hewa. Na kama nilivyomweleza Jongoo, kuzuia beta hakuzimi wekundu wote.

Sasa upasuaji. Mnakumbuka ile njia ya neva inayotokea kifuani na kupanda shingoni? Daktari huingiza kamera ndogo kifuani na kuikata au kuibana njia hiyo. Ulianza kutumika zaidi kwa watu wenye jasho jingi la mikononi. Uso huweza kuacha kuiva kweli. Lakini jasho ambalo mwili hauwezi tena kulitoa usoni na mikononi huhamia kwingine, mgongoni, tumboni, mapajani, na kwa baadhi ya watu ni jasho la kulowesha nguo siku nzima. Neva iliyokatwa hairudi kwa kuomba, na wapo wanaojuta kuliko walivyowahi kujutia wekundu. Iwapo neva ya juu itajeruhiwa, kope inaweza kulegea. Kwa moyo wangu wote nakusihi usiende huko kabla hujajaribu yale mengine kwa subira, pamoja na mtaalamu aliyesomea.

Na jambo la mwisho kwako. Watafiti Corine Dijk, Peter de Jong na wenzao, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, waliwachezesha watu mchezo wa kushirikiana au kusalitiana ambao mpinzani wao aliwasaliti. Kisha wakaonyeshwa picha ya mpinzani huyo. Wale walioonyeshwa uso uliotiwa wekundu walimwamini zaidi, na katika mchezo uliofuata wa kuaminiana wakamkabidhi fedha nyingi kuliko walioonyeshwa uso wa kawaida. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua kwamba wekundu hauigizwi. Ukimwona mtu ameiva baada ya kukosea, unajua kwamba maoni yako yana uzito kwake. Kile unachokificha chini ya shingo ndefu, mwenzako anaweza kukisoma kama uungwana.

Kimya Kingi

Sina maneno. Nitatafuta mtaalamu. Asante sana.

Jongoo

Mkuu, na wanaoiva kwa pombe? Rafiki yangu glasi moja tu, uso mzima na shingo vinakuwa vyekundu. Watu wanamcheka kwamba ana haya.

Mfumbuzi

Huyo haya hazihusiki, Jongoo. Pombe ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng'enya kimoja huivunja iwe kitu kisicho na madhara. Watu wengi wa Asia Mashariki, kule China, Japani na Korea, wamerithi aina ya kimeng'enya hicho isiyofanya kazi vizuri. Asetaldehaidi inajazana, mishipa inapanuka, moyo unakimbia, kichefuchefu kinaweza kufuata. Kama yeye ni miongoni mwao, asiuchukulie wekundu huo kama mzaha: kwa watu wenye hali hii wanaoendelea kunywa, hatari ya saratani ya umio ni kubwa zaidi. Kumeza dawa ya kuficha wekundu ili anywe zaidi ni kujiangamiza.

Yapo pia mengine ya kutenganisha na haya. Joto na mazoezi hupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Pilipili huamsha vipokezi vya joto mdomoni. Wanawake wanaokoma hedhi hupatwa na mawimbi ya joto. Na kuna ugonjwa wa ngozi uitwao rosasia, ambao wekundu wa mashavu na pua hukaa bila kuondoka, pengine na vipele. Huo unatibika na daktari wa ngozi.

Kalamu Nyeusi

Swali langu la mwisho. Niliwahi kuona mtu uso umeiva nusu tu, mstari umenyooka katikati kama umechorwa. Inawezekana kweli?

Mfumbuzi

Inawezekana, na ndiyo picha inayoonyesha vizuri kuliko zote kwamba yote haya ni kazi ya neva. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1988 na James Lance, Drummond na wenzao, nao wakaiita jina la Harlequin, yule mchekeshaji wa majukwaa ya zamani mwenye mavazi ya rangi mbalimbali. Njia ya simpathetiki ya upande mmoja imekatika au imedhurika. Mtu akipata joto au akifanya mazoezi, upande wa uso usioumia huiva na kutoa jasho, upande wa pili unabaki mkavu na rangi ileile. Upande ulioumia ni ule usiobadilika, ingawa watu wengi hudhani kinyume.

Mara nyingi halina hatari. Lakini kwa kuwa njia hiyo inapita juu ya mapafu na kando ya mishipa mikubwa ya shingo, ikianza ghafla kwa mtu mzima inabidi ichunguzwe na daktari wa neva. Kama inaambatana na kope kulegea na mboni ya upande huo kuwa ndogo, aende siku hiyohiyo. Na kama ina maumivu ya shingo au kichwa, aende idara ya dharura, maana huenda ukuta wa mshipa mkubwa wa shingoni umechanika.